Pembe Isiyolegea: Namna Fremu ya Chuma Inavyosimama

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na penseli na karatasi, maana leo tutachora na kufanya hesabu kidogo. Maneno ya leo ni manne: nguzo, boriti, pembe, bolti. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni.

Sisi tunaoishi Shinyanga na Geita tunaona majengo ya chuma kila siku. Mwadui kuna mgodi wa almasi tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Tena siku hizi hata mwenye karasha moja la kusaga mawe hujenga banda la chuma. Wengi wenu mmepata vibarua vya kusimamisha mabanda hayo. Basi yafaa mjue ni kitu gani kinachoyashika yasianguke.

Haya, chora nguzo mbili zilizosimama. Juu yake laza boriti moja. Umepata umbo la mlango. Hiyo ndiyo fremu. Mahali boriti inapokutana na nguzo tunapaita pembe.

Sasa fikiri kwamba kila pembe imefungwa kwa bolti moja tu. Bolti moja ni kama bawaba ya mlango: inashika, lakini inaruhusu kuzunguka. Paa likikaa kimya juu yake, hapana shida. Lakini upepo ukisukuma kutoka ubavuni, fremu italala upande mmoja, kama kitanda cha kamba ambacho miguu yake imelegea. Hakuna chuma kilichovunjika, wala nguzo haikupinda. Pembe tu zimezunguka, na jengo limekwenda chini.

Ziko njia mbili kubwa za kuzuia jambo hilo. Njia ya kwanza ni kutia chuma cha mshazari, kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nguzo ya pili. Minara mingi ya chuma hushikwa hivyo. Njia hii ni nzuri, na gharama yake ni ndogo. Lakini je, lori litapitaje penye chuma cha mshazari? Karakana ya kutengeneza malori ya mgodi inahitaji mlango mpana ulio wazi. Hapo ndipo tunapotumia njia ya pili: pembe imara, yaani pembe isiyozunguka kabisa. Fremu ikisukumwa, pembe inabaki na umbo lake lile lile, na nguzo na boriti hupinda kidogo tu kisha hurudi.

Pembe hiyo hubeba mzigo gani? Tufanye hesabu. Upepo unasukuma fremu yetu juu, penye boriti, kwa nguvu ya kilo 1000. Nguzo mbili zinagawana, kila moja kilo 500. Kila nguzo ina urefu wa mita 4, na chini haikukazwa isizunguke. Zidisha: 500 mara 4 ni 2000. Hiyo ndiyo nguvu ya kupinda katika kila pembe. Nguzo ni kama mpini wa jembe: mpini ukiwa mrefu, nguvu yako huzidi kule kwenye ncha.

Sasa tazama boriti yenyewe. Ukiikata na kuitazama kwa mbele, ni kama herufi kubwa I. Ina bapa la juu, bapa la chini, na ukuta mwembamba katikati. Fremu inaposukumwa, katika pembe moja bapa la juu huvutwa na bapa la chini hugandamizwa. Katika pembe ya pili mambo huwa kinyume. Je, bapa linavutwa kwa nguvu kiasi gani? Gawanya 2000 kwa kimo cha boriti. Boriti yenye kimo cha nusu mita: kilo 4000. Yenye kimo cha robo mita: kilo 8000. Mnaona? Boriti ikiwa nyembamba, bolti zinateseka maradufu. Ndiyo sababu mabanda mengi ya chuma yamenenepeshwa penye pembe. Ule unene si urembo.

Mwisho wa boriti fundi huchomelea bamba nene, halafu bamba hilo hufungwa kwenye nguzo kwa bolti. Bolti 4 za juu zikigawana kilo 4000 sawasawa, kila moja inavutwa kwa kilo 1000. Ukitoa 2, zile zilizobaki zinabeba kilo 2000 kila moja. Na kwa kuwa upepo hugeuka, bolti za chini nazo zina zamu yao. Usiseme, 'Hizi za chini hazina kazi.' Tena ndani ya nguzo, mkabala na mabapa ya boriti, hutiwa vipande vya bamba ili nguzo isikunjwe. Fundi akivisahau, boriti na bolti zitakuwa nzima, lakini nguzo itaharibika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa kusoma kunaokoa maisha. Juu ya kichwa cha bolti huandikwa namba. Bolti yenye 8.8 ina nguvu mara mbili ya bolti yenye 4.6, hata kama unene wake ni sawa. Nalipata kuona banda la karasha limeinama baada ya mvua ya usiku. Bolti zake za pembe zilipoharibika, mtu alinunua nyingine dukani. Ziliingia vizuri katika matundu, na spana ilikuwa ile ile. Lakini kichwani ziliandikwa 4.6, na za zamani zilikuwa 8.8. Waliozifunga walikuwa wanaume watano, na hakuna aliyesoma kichwa cha bolti. Bahati yao walikuwa wamelala nyumbani.

Upepo wa kwetu si wa kudharauliwa. Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua ya mawe na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata, Kahama, na watu zaidi ya 40 walikufa. Nyumba za kule zilikuwa za udongo, si za chuma, lakini dhoruba haichagui. Na ardhi yetu hutikisika pia: tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la Kagera liliangusha nyumba nyingi Bukoba.

Hata wenye elimu kubwa wamefundishwa na tetemeko. Mwaka 1994, huko Northridge, Marekani, majengo zaidi ya 100 ya chuma yaliyodhaniwa kuwa salama yalikutwa na nyufa penye pembe zilizochomelewa. Tangu hapo wahandisi waliweka mkazo zaidi katika kanuni hii: pembe na nguzo ziwe na nguvu kuliko boriti. Fremu ikizidiwa, boriti ipinde kwanza, polepole, watu wapate kukimbia. Kiungo hukatika ghafula, bila kuaga.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hesabu ya pembe ni kazi ya mhandisi aliyeandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kazi yako wewe ni kufuata mchoro wake. Usipunguze bolti, usibadili namba, na usitoboe wala kukata chuma penye pembe bila kumwuliza. Karasha likitikisika mwaka mzima, nati hulegea; zikaguliwe.

Maswali ya kujibu katika kikundi:

1. Kwa nini bolti moja katika pembe ni kama bawaba?
2. Upepo wa kilo 1200 unasukuma fremu yenye nguzo mbili za mita 3. Tafuta nguvu ya kupinda katika kila pembe.
3. Kabla ya somo lijalo, kila mtu asome vichwa vya bolti tatu, aziandike namba zake na kuzileta darasani.

Kwaherini.