Naruto: Mbona Huyu Dogo Bado Anatugusa?

Ukienda kujaziwa flashi kwa duka la muvi hapa Bamburi, hukosi morio wa kukuuliza kama ushamaliza Naruto. Kama bado, stori iko hivi.

Masashi Kishimoto wa Japani aliianza 1999 kwa jarida la Shonen Jump, akaifunga 2014 na sura 700.

Naruto ni ninja yatima. Alipozaliwa tu, mbweha wa mikia tisa aliyevamia kijiji alifungiwa ndani yake. Dogo hana kosa, lakini kila mzazi anakataza mtoto wake kucheza naye. Si unaijua hiyo ya "usitembee na yule"? Ndio maana ana kelele: anataka aonekane.

Beshte yake Sasuke, ambaye ukoo wake ulimalizwa, anatoroka akatafute nguvu za kulipiza kisasi. Wengi wanasema aachwe. Naruto anagoma, coz upweke huo anaujua. Anamfuata miaka, mpaka kwa pigano la mwisho kila mmoja anapoteza mkono. Hapo ndio Sasuke anakubali yaishe.

Huku Kisauni tushaona masela wakipotelea kwa magenge ya mapanga, mtaa ukawafungia mlango. Unaye Sasuke wako? Kabla hujafuta namba yake, mpigie.