Ramani ya Madini ya Vilindini

Manahodha wa pwani hii, walipoikaribia bandari wasiyoizoea, walitia bildi, wakahesabu pima za kamba hata risasi ikagota chini, wakawa na yakini ya kina cha mahali pamoja tu, nayo ikawatosha. Merikebu ya Kiingereza iitwayo Challenger, iliyozizunguka bahari za dunia baina ya mwaka 1872 na 1876, ilitumia hila iyo hiyo kwa kamba ndefu mno, pamoja na nyavu nzito za kukokota sakafu ya bahari. Na katika mwaka 1873 nyavu hizo zilipandisha vinundu vyeusi, vingine vikubwa kama kiazi, ambavyo wanakemia walivikuta vimejaa manganizi. Baadaye ilidhihirika kuwa vina nikeli, shaba na kobalti pia, madini yatafutwayo leo kwa ajili ya betri, na kwamba kinundu kimoja hukua milimita chache tu katika miaka milioni, kikijivika tabaka juu ya tabaka, aghalabu kukizunguka kijiwe au jino la papa.

Hazina ya vinundu iliyo mashuhuri kupita zote imo katika Bahari ya Pasifiki, baina ya Hawaii na Mexico, mahali paitwapo Clarion-Clipperton, penye ukubwa upatao kilomita za mraba milioni 4.5, yaani karibu mara tano ya Tanzania, na kina cha mita 4,000 hata 5,500. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaica, ilikadiri mwaka 2010 kwamba huko pana vinundu vya tani zipatazo bilioni 21. Msomaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyeshuka akavipima.

Hakuna. Kinachoshushwa, kwa safari ya saa kadhaa kwenda na kurudi, ni sanduku la chuma likatalo robo moja ya mita ya mraba ya tope pamoja na vinundu vilivyolala juu yake. Tuseme masanduku hayo yameteremshwa kila baada ya kilomita 10, kwa urefu na kwa upana: basi kila moja linalazimika kunena kwa niaba ya mahali pakubwa kuliko lenyewe mara milioni 400; nasi twajua kuwa vinundu havikusambaa sawasawa, bali hapa vimesongamana na pale, si mbali, hapana hata kimoja.

Elimu iliyoletwa kuutatua ugumu huu haikuzaliwa baharini, ilizaliwa katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako mhandisi Danie Krige aliandika mwaka 1951 jinsi ya kukadiri dhahabu iliyo baina ya sampuli na sampuli. Na Mfaransa Georges Matheron akaijengea misingi ya hesabu, akaipa jina la Krige. Asili yake ni kwamba vitu vilivyo jirani hufanana kuliko vilivyo mbali, jambo ambalo kila mkulima analijua. Lakini mkulima haulizi kufanana huko hufifia kwa kadiri gani na hukoma kwa masafa gani, ilhali wataalamu hawa hulipima hilo kwanza, ndipo wakaipa kila sampuli uzito wake, wakiwapunguzia uzito mashahidi wawili waliosimama pamoja, kwa kuwa aghalabu hunena neno moja. Na fadhila yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kuwa kila kadirio huja na kipimo cha shaka yake.

Baina ya sampuli hutumika sauti. Chombo kilicho chini ya merikebu hupeleka milio mingi kwa pamoja, kama upepeo uliokunjuliwa, nayo hurudi baada ya sekunde kama sita; hakioni kinundu kimoja kimoja, kwa kuwa kutoka juu huko jicho lake halitofautishi vitu vilivyo karibu kuliko makumi ya mita, bali mwangwi wa mahali penye vinundu vingi hurudi na nguvu kuliko wa tope tupu.

Haya yangekuwa mambo ya wanazuoni lau sheria isingeyashika. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao tume ya kuitayarishia njia Mamlaka iliyotokana nao iliongozwa kwanza na Joseph Warioba wa Tanzania, humtaka mwombaji wa vinundu aeleze eneo litoshalo machimbo mawili, aligawe nusu mbili zenye thamani sawa, na Mamlaka ichague nusu moja ya kuziwekea akiba nchi zinazoendelea. Katika nusu hizo za akiba ndimo yalimopata leseni makampuni yaliyodhaminiwa na Nauru na Tonga. Lakini thamani iliyo sawa ni ya ramani, nayo ramani huweza kuonyesha wastani ule ule wa kilo kwa mita ya mraba pande zote mbili, huku upande mmoja ukiwa na masanduku mengi yaliyokaribiana na wa pili machache yaliyotawanyika. Aliyepewa upande wa pili amepewa, pamoja na vinundu, gharama ya kupeleka merikebu na kushusha masanduku upya kabla mwenye mali yeyote hajakubali kumkopesha. Na ramani ya wastani, isipofuatana na ile ya shaka, haimwandikii gharama hiyo popote.