Taka za shambani na taka za umeme (2): Tenga kabla ya kutupa

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi taka za mazao na za vifaa vya umeme zinavyoongezeka. Leo tuone kinachozigeuza kuwa sumu, na namna ya kuzuia.

Tuanze na mkonge. Jani likipita kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua singa, kila kilo 100 hutoa takriban kilo 4 tu za singa. Kinachosalia ni makapi na maji machachu, ambayo kwa miongo mingi mashamba ya Tanga yaliyaacha yarundikane au yatiririkie mtoni. Yakiwa mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza oksijeni ya samaki. Yakioza rundoni bila hewa, hutoa methani, gesi inayochangia sana joto la dunia.

Mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo huko Hale, wilayani Korogwe, uliotumia makapi hayohayo. Yalitiwa katika tangi lisilopitisha hewa, vijidudu vikafanya kazi yao, lakini methani ilinaswa na kuendesha jenereta ya kilowati 150. Tope lililobaki lilikuwa mbolea.

Mkulima mdogo hahitaji mtambo. Mabua, pumba na maganda ya kahawa yakipangwa tabaka kwa tabaka na samadi na majani mabichi, yakanyunyiziwa maji na kugeuzwa mara kwa mara, baada ya miezi michache huwa mboji. Sharti ni moja: rundo hilo lisitiwe betri ya tochi wala chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Vyuma vizito vya betri haviozi. Huingia kwenye udongo, na baadhi hupanda hadi kwenye mboga tunazokula.

Hapo ndipo taka za umeme zinapotofautiana na za shambani. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya simu mbovu mna dhahabu, fedha na shaba. Kioo cha runinga ya chogo kina risasi. Mali na sumu zimekaa pamoja, na anayezitenganisha kwa moto hujiumiza yeye na jirani zake. Kijana anayechoma nyaya ili auze shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu huunguza plastiki yenye klorini, nayo hutoa dayoksini. Sumu hiyo hutua kwenye majani, ng'ombe akala, ikafika kwenye maziwa.

Tumeshaona gharama ya kutumia moto hivyo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilieneza risasi hadi kwenye damu za watoto. Wakazi, wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Fedha hizo haziwezi kurudisha afya iliyopotea.

Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme tangu mwaka 2021. Kanuni hazikusanyi taka zenyewe. Halmashauri ziweke vituo vya kupokelea vifaa vibovu karibu na masoko, na wanaochoma nyaya wapewe mafunzo na zana za kuzichuna bila moto. Sisi wananchi tuanzie nyumbani: masalia ya shamba yaende kwenye mboji, simu na betri mbovu ziwekwe kwenye chombo chake mahali pakavu, na asichome mtu chochote chenye waya. Taka iliyotengwa ina mnunuzi, iliyochanganywa haina.

Itaendelea wiki ijayo.