Herufi Zisizotamkwa: Tahajia ya Kiingereza na Msomaji wa Kiswahili

Tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930, imejengwa juu ya kanuni iliyo wazi: kila irabu ina sauti yake, na irabu mbili zikifuatana kila moja hubeba silabi. Ndiyo maana neno “ua” lina silabi mbili. Mtoto wa Igowole, wilayani Mufindi, hujifunza kusoma kwa kanuni hiyo, na Kihehe au Kibena cha nyumbani, chenye irabu tano vilevile, hakimpi sababu ya kuitilia shaka.

Aingiapo sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, kanuni hiyo humponza. Neno “knife” hulisoma kwa silabi tatu, na wenzake humcheka. Kosa hilo si dalili ya uzito wa akili. Ameifuata kwa uaminifu kanuni ambayo lugha ya pili haiifuati.

Chanzo chake ni cha kihistoria. William Caxton alianzisha uchapaji nchini Uingereza mwaka 1476, wakati irabu ndefu za Kiingereza zikiwa katika mabadiliko makubwa. Matamshi yaliendelea kubadilika, tahajia ikaganda. Herufi “k” ya “knife” ilitamkwa zamani. Herufi “b” ya “debt” iliingizwa na wasomi ili kukumbusha asili ya Kilatini. Mfuatano “ea” nao una sauti tofauti katika “team”, “bread” na “great”.

Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kina msaada. Maneno mengi ya mkopo yaliingia kwa sikio, si kwa jicho. “Kabati” limeiacha “p” ya “cupboard”. “Plau” limeiacha “gh” ya “plough”. “Timu”, “koti” na “supu” yanaonyesha kwamba “ea”, “oa” na “ou” zaweza kuwakilisha irabu moja. Tahadhari inahitajika: mkopo hurahisisha sauti, kama “treni” na “keki” yanavyothibitisha, hivyo hautoi matamshi kamili ya Kiingereza.

Pamoja na kasoro hiyo, mwalimu anayeanzia kwenye “kabati” humwonyesha mwanafunzi kwamba tayari anazifahamu baadhi ya herufi zisizotamkwa. Kinachobaki ni kumfundisha kuziona zilipoandikwa.