"Pakua": Chakula au Faili?

Tulipoandika ubaoni "pakua faili hili", mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa kwanza hapa Kampala aliuliza sahani iko wapi. Tulicheka, kisha tukaona kosa ni letu. Kupakua ni kutoa shehena chomboni au chakula chunguni. Wataalamu wa kompyuta wameliazima neno kwa kushusha faili kutoka kwenye intaneti. Anayejua maana ya awali huiona picha mara moja. "Vidakuzi" je? Neno hili latukumbusha kudakua, yaani kutoa siri, na kweli vidakuzi huiambia tovuti ulichofanya humo. Mgeni huambulia sauti tupu. Siku hizi tunaanza na kitenzi, kompyuta baadaye. "Nywila" bado inatushinda; tunasema neno la siri.