Kubadilisha Jina la Chama: Funzo kutoka kwa Walimu wa Michezo na Makocha

Hutokea mara kwa mara katika vyama vya msingi kwamba wanachama, wakiwa katika mkutano mkuu, hutoa hoja ya kubadilisha jina la chama chao. Pengine jina la zamani linataja kazi moja ilhali wanachama sasa wanafanya kazi mbili. Pengine linataja kijiji kimoja ilhali wanachama wametoka shehia tatu. Hoja ya namna hii hupitishwa upesi, kwa kuwa haionekani kugusa fedha ya mtu. Kisha huagizwa muhuri mpya na ubao mpya, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Kwa kweli hapo ndipo linapoanza.

Makala haya yanaeleza jina la chama linabeba nini, na halibebi nini. Mfano uliochukuliwa ni wa vyama vya walimu wa michezo na makocha, kwa sababu kazi hiyo imebadilishiwa majina mara nyingi, hapa Afrika ya Mashariki na ng'ambo, na matokeo yake yanajulikana.

Kazi mbili, neno moja

Mwalimu wa michezo wa skuli hupewa darasa zima. Wamo watoto hodari na wasio hodari, wanaoupenda mpira na wanaouogopa, na wote wana haki ya kucheza na kujifunza. Kocha huchagua. Kati ya vijana 40 waliokuja mazoezini huchukua 18, na siku ya mechi katika uwanja wa Gombani hupimwa kwa mabao. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi kila kazi ilikuwa na chama chake.

Lugha ya Kiswahili, hata hivyo, haikuwatenga mno watu hawa. Wachezaji wa timu za mitaani humwita kocha wao "mwalimu", hata ikiwa hajapata kushika chaki. Na wataalamu nao waliifikia fikra hiyo kwa njia yao. Mwaka 1982 David Bunker na Rod Thorpe, wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walieleza njia ya kufundisha michezo kwa kuanzia na mchezo wenyewe. Kabla ya hapo ilikuwa desturi kumpanga mtoto katika mstari, apige pasi wiki baada ya wiki bila ya kujua pasi hiyo itahitajiwa lini. Wao walitaka mtoto aingizwe kwanza katika mchezo mdogo, wenye uwanja mfupi na wachezaji wachache, afahamu linalotakiwa kufanywa, ndipo afundishwe namna ya kulifanya. Njia hiyo ilikusudiwa skuli, lakini makocha nao waliichukua. Mpaka baina ya kazi hizo mbili ukawa mwembamba, na swali la jina likawa zito zaidi: chama chenye walimu na makocha pamoja kiitweje?

Majibu ya ng'ambo

Huko Marekani, chama cha walimu wa elimu ya viungo kiliasisiwa Brooklyn mwaka 1885. Mwaka 1937 kiliongeza neno "afya" katika jina lake. Mwaka 1938 kikaongeza "burudani". Mwaka 1974 kikajiita muungano. Na mwaka 1979 kikaongeza "ngoma". Kila neno liliingia kwa sababu kundi jingine la watu lilikuwa limeingia. Hatimaye jina likawa refu hata likahitaji herufi 7 kulifupisha, na mwaka 2013 likaachwa, chama kikaitwa SHAPE America, yaani jumuiya ya walimu wa afya na elimu ya viungo. Pamoja na mabadiliko yote hayo, chama hicho kinahesabu umri wake tangu 1885. Jina limegeuka mara nyingi. Chama ni kile kile.

Uingereza walifuata njia nyingine. Chama cha walimu kilichoanzishwa mwaka 1899 kilichukua jina la Ling, Mswidi aliyeeneza mazoezi ya viungo, jina ambalo asiyemjua mtu huyo hakuweza kulitambua kazi yake. Mwaka 2006 vyama viwili vya fani hiyo viliungana kuwa kimoja, kwa jina linalotaja elimu ya viungo waziwazi. Makocha walibaki na taasisi yao ya peke yao, iliyoanzishwa mwaka 1983, ikabadilishwa jina mwaka 2001 na tena mwaka 2017. Kwa hiyo hakuna sheria ya dunia isemayo kwamba walimu na makocha lazima wawe chini ya jina moja. Kila upande ulitazama kwanza kazi na watu wake, kisha ukatafuta jina.

Mifano ya hapa kwetu

Mfano unaojulikana zaidi ni wa klabu ya Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1971 iliacha jina hilo la kigeni na kuitwa Simba. Ubingwa wa mwaka 1965 na wa 1966 ulipatikana kwa jina la Sunderland, na mpaka leo huhesabiwa katika vikombe vya Simba. Lakini kipigo cha mabao 5 kwa 0 kutoka kwa Yanga mwaka 1968 nacho kilipatikana kwa jina la Sunderland, wala hakikufutwa. Anayerithi vikombe hurithi na vipigo. Katika chama cha ushirika, vikombe ni mali na akiba. Vipigo ni madeni.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2004, pale chama cha mpira wa miguu cha Tanzania, FAT, kilipogeuka kuwa shirikisho, TFF. Huku Zanzibar vilevile, ZFA imekuwa ZFF. Wengi waliona kwamba herufi tu zimebadilika. Lakini maneno "chama" na "shirikisho" hayana maana moja. Kwa kawaida wanachama wa chama ni watu. Wanachama wa shirikisho ni vyama. Ndani ya TFF, kwa mfano, makocha huingia kwa chama chao, TAFCA, na si kila kocha kwa nafsi yake. Makatibu wanaijua tofauti hii kutokana na kazi yao wenyewe: mkulima ni mwanachama wa chama cha msingi, na chama cha msingi ndicho mwanachama wa muungano. Anayeandika neno "muungano" au "shirikisho" juu ya ubao wake bila ya kufikiri, ameshasema jambo kuhusu nani atapiga kura.

Mfano wa tatu ni wa onyo. Nchini Kenya, kwa miaka kadhaa, majina mawili, KFF na FKL, yalidai haki moja ya kusimamia soka, na mgogoro ukafika mahakamani. Jina la FKF lilishika nafasi baada ya uchaguzi wa mwaka 2011. Hatari ya namna hiyo haipo kwa vyama vikubwa peke yake. Kikundi cha wanachama kikianza kutumia jina jipya kabla ya wenzao kukubali, na wengine wakabaki na jina la zamani na kitabu cha benki, chama kimoja huwa viwili kwa siku moja.

Yanayogusa hisa na kura

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kipo chama cha akiba na mikopo cha walimu wa michezo wa skuli, chenye wanachama 60, nacho kinataka kuwapokea makocha 40 wa timu za vijiji na kujiita chama cha walimu wa michezo na makocha. Mambo manne hayana budi kuamuliwa kabla ya jina kuguswa.

La kwanza ni sharti la uanachama. Ikiwa masharti ya chama yanasema mwanachama ni mwalimu wa skuli aliyeajiriwa, kocha asiye mwajiriwa hawezi kuingia, hata jina lake likiandikwa kwa herufi kubwa. Jina hilo litakuwa ahadi isiyotimizwa.

La pili ni namna ya kuweka akiba. Mwalimu hukatwa mshahara kila mwezi. Kocha wa kijijini mara nyingi hujitolea, na riziki yake hutoka katika karafuu, mwani au uvuvi. Fedha huja kwa msimu na kwa bamvua. Sharti la kukatwa kila mwezi litamfanya awe mdaiwa kabla hajakopa. Ama masharti yaruhusu akiba ya msimu, ama makocha waambiwe ukweli mapema.

La tatu ni kura. Ushirika hufuata kanuni ya mtu mmoja, kura moja. Leo walimu 60 wanaamua peke yao. Wakishaingia makocha 40, jumla ni 100, na jambo linalohitaji theluthi mbili litataka kura 67. Walimu hawataweza tena kulipitisha bila ya makocha, wala makocha bila ya walimu. Hilo si baya, lakini lijulikane kabla ya mikono kunyooshwa.

La nne ni madeni na dhamana. Ni kanuni ya siku nyingi katika sheria za ushirika za Afrika ya Mashariki kwamba kubadilisha jina hakuondoi haki wala wajibu wa chama au wa wanachama wake, na kesi iliyofunguliwa kwa jina la zamani huweza kuendelezwa kwa jina jipya. Mwanachama aliyemdhamini mwenzake kwa shilingi 600,000 kabla ya jina kubadilika, bado ni mdhamini. Aliyekopa bado anadaiwa. Na chama kinachodaiwa na msambazaji wa vifaa hakiwezi kumjibu kwamba chama anachokitafuta hakipo tena.

Hatua za kufuata

Kamati ikisharidhika kwamba sababu ipo, taarifa ya mkutano mkuu itolewe kwa muda uliowekwa na masharti, na itaje waziwazi kwamba jina litajadiliwa. Haitoshi kulificha chini ya "mengineyo". Jina linalopendekezwa na vifungu vitakavyorekebishwa viandikwe na kusomwa, na kura zihesabiwe na kuingizwa katika kumbukumbu. Baada ya hapo maombi hupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, ambaye hutazama pia kama jina hilo halifanani na la chama kingine. Mpaka Mrajis atakapolisajili, jina la zamani ndilo jina la chama, na stakabadhi zote ziandikwe kwa jina hilo.

Likishasajiliwa, katibu aarifu benki, wadai, wadaiwa na ofisi zinazohusika kwa barua. Muhuri wa zamani ukabidhiwe kwa kamati na makabidhiano yaandikwe. Vitabu vya hesabu visianzwe upya kama kwamba chama kimezaliwa jana. Mstari mmoja upigwe, tarehe iandikwe, na salio la mwisho la jina la zamani liwe salio la kwanza la jina jipya, senti kwa senti.

Fundi wa Pemba anajua kwamba chombo kinachovuja hakiachi kuvuja kwa kupakwa rangi na kuandikwa jina jipya ubavuni. Huvutwa pwani kwanza, kikazibwa, ndipo kikaandikwa. Chama kilichokwisha kurekebisha masharti yake, kujua wanachama wake ni nani na kukiri madeni yake, kinastahili jina jipya, na wanachama watalitamka kwa fahari. Katibu anayeletewa hoja hiyo na aulize kwanza swali moja: ni kitu gani katika kazi yetu kilichobadilika? Jibu likipatikana, jina litapatikana bila ya taabu.