Tusiuzishe imbwa ya vitirini kwa bei ya mufuko wa makala

Siku moja nilitoka kwenye mkutano wa sendika, nikakuta mama mjane wa kampo yetu ananingojea pa mulango. Bwana yake alitumika mine mpaka pansio. Akaniambia: "Delege, mutoto yangu, kuko mutu anataka kukamata ile imbwa ya marehemu kwa dola makumi mbili. Nimuachilie?"

Ile imbwa haina uhai. Ni sanamu kubwa, inafika mutu mukubwa kwenye kiuno, nyeupe na masikio meusi. Imekaa chini, imeinamisha kichwa sawa vile inasikiliza kitu. Zamani ilikuwa katika vitirini ya magazini moja ya mujini, kwenye waliuzisha gramofoni na diski. Magazini ilipofungwa, marehemu akapewa. Watoto wote wa kampo wamepanda juu ya mugongo wake.

Nasema wazi kosa yangu: nilimwambia mama apokee zile dola, juu minervali ya wajukuu ilikuwa inangoja. Tena nikamupa shauri baya, apake kwanza rangi mupya ili imbwa ing'ae.

Usiku usingizi ulikataa. Kila juma ninaambia vijana wachimbaji: usipeleke mawe yako kwenye depo kama hujui kilo na teneri. Sasa mimi yule yule namna gani namwambia mama auzishe kitu ambacho hatujui ni nini?

Basi tujue. Imbwa ile jina lake ni Nipper. Iliishi kweli katika muji wa Bristol, kule Uingereza, ikakufa 1895. Muchoraji Francis Barraud aliichora ikisikiliza sauti mbele ya mashini. Mwaka 1899 kampani ya Gramophone ilimulipa pauni 100: 50 za picha, na 50 za haki ya kuitumia. Picha ikazunguka dunia nzima. Pansio yake Barraud aliipata nyuma sana, miaka kidogo mbele ya kufa.

Huku kwetu wazee waliiona juu ya diski. Tangu 1933 diski za GV, zenye nyimbo za Kuba, ziliuzishwa Afrika, na ndizo zilizosaidia kuzaa rumba ya Kongo. Kwa Kifaransa alama ile iliitwa La Voix de son Maître.

Ili kuvuta wanunuzi, wenye magazini waliweka Nipper wa kila kimo: wadogo wa meza, wakubwa wa vitirini. Mumoja anayejulikana sana yuko Albany, Marekani, juu ya nyumba ya gorofa: urefu karibu metre 8 na nusu, uzito karibu tani 4. Ile hakuna mutu ataibeba. Lakini za vitirini, watu wa Ulaya na Marekani wanazitafuta na kuzikusanya, juu nyingi zilivunjika ao zilitupwa wakati magazini zilibadilisha bidhaa.

Mwenye kukusanya anatazama nini? Kwanza uzito. Zamani nyingi zilitengenezwa na karatasi iliyopondwa na kole, hizo ni nyepesi. Zingine ni za plasta, nzito. Plastiki mara nyingi ni ya juzi. Kisha anaigeuza, anasoma jina ao namba iliyo chini. Mwisho anatazama rangi. Rangi ya kwanza, hata imechakaa, ina bei kuliko rangi mupya. Kwa hiyo usipake kitu, usioshe na maji, weka mbali na muchwa na unyevu.

Mununuzi aliporudi, nilikaa karibu na mama. Yule bwana akaigonga na kidole, akaigeuza, akasoma chini, akanyamaza. Halafu akasema dola 60. Hatukuwa tumefungua kinywa. Kumbe muzani ilikuwa katika kichwa chake tangu siku ya kwanza.

Mama akamujibu: "Baba, kama juzi ilikuwa makumi mbili na leo ni makumi sita, kesho ni ngapi?" Akamupa maji ya kunywa, akamusindikiza.

Lakini minervali haingoji. Mwenye shida anauzisha mbio, na mununuzi anajua. Ndiyo maana tulichanga kampo nzima, tukalipa sehemu ya kwanza. Mama atarudisha pole pole. Mujukuu amepiga picha za imbwa pande zote, na chini pia, ili kuzionyesha kwa wanunuzi wengine mbele ya kukubali bei yoyote.

Mpaka leo imbwa iko pale pa salo, imefunikwa na kitambaa. Watoto hawaruhusiwi tena kuipanda. Na wewe, kabla mutu hajaja na dola zake, geuza vitu vya wazee wako, usome kilichoandikwa chini.